Koleji ya Uhandisi pale Makerere



Kila mwaka, siku za kuchagua masomo zinapokaribia, mazungumzo ya bwenini huwa ni yale yale. Huyu ataka udaktari, yule ataka uanasheria, na wa tatu hujibu kwamba atafanya uhandisi kwa kuwa amesikia una mshahara. Ukimwuliza mhandisi hufanya kazi gani hasa, hukujibu kwamba hutengeneza magari. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze kwa kirefu kidogo habari za koleji ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho ni chuo cha umma na ndicho kikongwe kupita vyote hapa Uganda. Mimi niko kidato cha sita, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati, na jina la koleji hiyo nitaliandika mstari wa kwanza katika fomu yangu. Kwa hiyo habari hizi nimezitafuta kwa sababu zanihusu, na naamini zawahusu wengi wenu pia.

ASILI YAKE

Watu wengi hudhani kwamba Makerere ilianza kwa vitabu. La, ilianza kwa msumeno na nyundo. Mwaka 1922 ilifunguliwa shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana 14 tu, waliokuja asubuhi na kurudi makwao jioni. Walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Haukupita muda mrefu yakaongezwa masomo ya utabibu, kilimo, tiba ya wanyama na ualimu. Mwaka 1949 Makerere ikapandishwa daraja, ikawa koleji ya chuo kikuu chini ya University of London.

Hapo ndipo pana jambo la kushangaza kidogo. Masomo mengine kadhaa yalikua yakafika daraja la shahada, lakini ule ufundi uliokuwa mzaliwa wa kwanza haukufika. Kijana wa Uganda aliyetaka shahada ya uhandisi bila kuvuka bahari alipaswa kwenda Nairobi, ambako Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Mwaka 1963 vyuo vitatu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa vikawa University of East Africa, na kazi zikagawanywa: mwanzoni udaktari ulikuwa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi ukabaki Nairobi.

Muungano huo ulikwisha mwaka 1970, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Ndipo Makerere ikaanzisha Kitivo cha Teknolojia, mwaka ule ule wa 1970, chenye uhandisi wa ujenzi, uhandisi wa umeme na uhandisi wa mitambo. Dar es Salaam nao wakafungua kitivo chao cha uhandisi mwaka 1973. Basi tangu vijana wale 14 hata kuanzishwa kitivo ilipita miaka 48.

Tena kitivo hicho kilizaliwa wakati wa dhiki. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini, na mwaka huo huo Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari asionekane tena. Walimu wengi walikimbia. Hebu fikirini taabu ya kulea kitivo kinachohitaji mashine, vipuri na walimu wa kigeni katika siku kama zile! Hata hivyo hakikufa, na waliohitimu humo ndio wengi wa wahandisi wazee tunaowasikia leo.

Mwaka 2011 Chuo kilipobadili mpango wake na kugawanywa katika makoleji, Kitivo cha Teknolojia kiliunganishwa na Shule ya Sanaa, vikawa Koleji ya Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia. Watu huiita CEDAT, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza.

SEHEMU ZAKE

Koleji ina shule tatu ndani yake. Ya kwanza ni Shule ya Uhandisi, ya pili ni ya mambo ya majengo na ardhi, na ya tatu ni ya sanaa. Ili mwelewe kazi ya kila moja, nitatumia mfano wa nyumba moja mnayoijua nyote, angalau kwa picha: Jengo Kuu la Makerere lenye mnara wa saa. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1941. Usiku mmoja wa Septemba 2020 likashika moto, paa na vyumba vyake vikateketea. Lilijengwa upya, likafunguliwa tena Oktoba 2024.

Nyumba kubwa kama ile ikiungua, ni nani huitwa? Wa kwanza ni mhandisi wa ujenzi. Huyu hupima kuta zilizobaki ajue kama zaweza kubeba mzigo tena, maana moto mkali hudhoofisha zege na nondo hata kama kwa macho ukuta waonekana mzima. Huyo huyo ndiye hujenga barabara, madaraja, mabwawa, na mabomba ya maji safi na maji machafu.

Pamoja naye huja msanifu majengo, anayechora nyumba itakavyokuwa, wapi mlango, wapi dirisha, upepo uingie wapi na watu watokee wapi ikiwa hatari. Mpima ardhi huonyesha mipaka na kimo cha kila pembe. Mkadiriaji wa majenzi hupiga hesabu ya kila mfuko wa saruji, kila tripu ya mchanga na kila siku ya kibarua, ili mwenye nyumba asije akasimama katikati hana fedha. Hao watatu hufundishwa katika shule ya pili.

Kisha mhandisi wa umeme hupanga nyaya, swichi na transfoma. Akikosea ukubwa wa waya mmoja, waya hupata moto, na nyumba huweza kuungua mara ya pili. Mhandisi wa mitambo hushughulika na pampu za maji, lifti na mashine za kupoza hewa. Wa mawasiliano na wa kompyuta huunganisha simu na intaneti. Chuoni wako pia wanaosomea uhandisi wa vifaa vya tiba, ambao hutengeneza na kutunza mashine za hospitali. Kazi hii ni changa kwetu lakini ina haja kubwa, kwani mashine ya hospitali ikiharibika pasipo mtu wa kuitengeneza, ni sawa na kutokuwa nayo.

Na sanaa je, yaingiaje hapa? Wengine hucheka wakiona wachoraji wamewekwa pamoja na wahandisi. Mimi sicheki. Kiti, sahani, kitambaa na hata umbo la gari, kila kimoja kilichorwa kwanza na mtu. Tena shule ya sanaa ni kongwe kuliko kitivo cha uhandisi, kwani ilianzishwa na mama Margaret Trowell mwaka 1937. Ilitoa wachoraji mashuhuri hata kutoka nchi jirani, miongoni mwao Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wenyeji wa upande wa Kilimanjaro, Tanzania.

Wazee wetu wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi twaliona likipita juu ya maji, wala hatuwazi juu ya yule aliyelinganisha mbao zake. Ndivyo ilivyo kwa nyumba, daraja na taa.

MASOMO YENYEWE

Shahada ya uhandisi huchukua miaka minne, na ya usanifu wa majengo huchukua miaka mitano. Mwaka wa kwanza hufanana sana kwa wahandisi wote: Hisabati kwa wingi, Fizikia ya vitendo, habari za vyuma na mbao na zege, na uchoraji wa kihandisi. Baadaye kila mmoja huingia tawi lake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi hasomi kwa kalamu tu. Hupelekwa karakana, akafundishwa kufunga chuma katika jiliwa na kukipiga tupa hata kinyooke, kutoboa kwa keekee, kuchomelea, na kutumia timazi na pimamaji. Kisha, wakati wenzake wa vitivo vingine wakiwa likizoni, yeye hutumwa kwenye kampuni, kiwanda au ofisi ya serikali akajifunze kazi yenyewe. Binamu yangu aliye mwaka wa pili aliniambia kwamba siku ya kwanza alipewa ufagio, siku ya pili akapewa mita ya kupimia, na mwisho wa mwezi alikuwa akisoma ramani ya jengo zima mbele ya mafundi wenye umri wa baba yake. Alisema pia kwamba mafundi hao walimfundisha mengi ambayo hayamo kitabuni.

Na mwenye shahada bado hajawa mhandisi kamili. Hana budi afanye kazi miaka kadhaa chini ya waliomtangulia, ndipo aombe kuandikwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1969. Haya yote si kwa ajili ya kujivuna. Daktari akikosea hufa mgonjwa mmoja, lakini daraja likianguka hufa waliomo katika basi zima.

JINSI YA KUINGIA

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi wa kidato cha tatu na cha nne. Hisabati na Fizikia ndiyo masomo ya lazima. Kwa miaka mingi hesabu ya kuingia imekuwa hivi: katika mtihani wa kidato cha sita alama ya A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, na kuendelea chini. Masomo mawili ya lazima huzidishwa mara tatu, na somo la tatu, tuseme Kemia, huzidishwa mara mbili. Mwenye A katika yote matatu hupata 18 na 18 na 12, jumla 48, kisha huongezwa pointi chache za masomo madogo na za mtihani wa kidato cha nne.

Tazameni maana yake. Ukishuka kutoka A hadi B katika Kemia umepoteza pointi 2, lakini ukishuka vivyo hivyo katika Hisabati umepoteza 3. Nao waombaji ni wengi, hata pointi moja huweza kumwacha mtu nje ya mlango. Kwa hiyo yule anayesema ataikwepa Fizikia sasa na kuirudia baadaye, ajue kwamba anafunga mlango mwenyewe. Kwa upande wa dada zetu, tangu mwaka 1990 Chuo kiliweka utaratibu wa kuwaongezea wasichana pointi 1.5, kwa kuwa walikuwa wachache mno chuoni.

Ipo na njia nyingine. Aliyesoma chuo cha ufundi, kama vile kile cha Elgon, Lira, Kichwamba au Bushenyi, akapata diploma nzuri, aweza kuomba kuingia Makerere kwa diploma hiyo. Basi mtu asimcheke mwenzake aliyekwenda chuo cha ufundi baada ya kidato cha nne. Huenda wakakutana darasa moja, na yule wa ufundi akawa ndiye anayejua kushika bisibisi.

HABARI YA FEDHA

Hili ndilo linaloninyima usingizi, wala sioni haya kulisema. Baba yangu ni mkulima wa kahawa, na sisi watoto tu saba. Ada ya uhandisi hatuiwezi kwa kahawa ile. Kwa mtu wa namna yangu pana njia tatu. Ya kwanza ni udhamini wa serikali kwa wanaofaulu sana katika nchi nzima, na masomo ya sayansi hupewa sehemu kubwa ya nafasi hizo. Ya pili ni nafasi zinazogawiwa kwa wilaya, ili watoto wa mbali nao wapate. Ya tatu ni mkopo wa bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambao mwanafunzi huulipa akisha kupata kazi. Njia zote tatu zina mlinzi mmoja mlangoni, naye ni matokeo ya mtihani. Ndiyo sababu mwaka huu mmeniona mara nyingi chini ya taa ya ukumbini, wala si kwa kuwa nimechukia mpira.

KAZI WALIZOZIFANYA

Huenda mtu akauliza: je, baada ya taabu yote hiyo, koleji imeunda nini? Nitaeleza moja tu. Mwaka 2008 wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki pamoja na wenzao wa vyuo vya nchi nyingine kuunda gari liitwalo Vision 200, lililoonyeshwa Torino, Italia. Waliporudi wakasema, mbona tusiunde la kwetu? Wakaunda Kiira EV, gari dogo la watu wawili, liendalo kwa betri na mota ya umeme pasipo petroli. Kiira ni jina la Mto Nile kwa lugha za upande wa Jinja. Novemba 2011 lilitembea katika barabara za Makerere, na watu wakasimama njiani kulitazama.

Mwaka 2016 likafuata basi liitwalo Kayoola, lenye viti 35 na vioo vya kuvuna nguvu ya jua juu ya paa lake. Kazi hiyo ikazaa kampuni, Kiira Motors, ambayo serikali iliwekwa kuwa na hisa 96 katika kila 100, na Makerere hisa 4. Kiwanda chake kilijengwa Jinja juu ya eka 100. Sisemi kwamba kila kitu ndani ya magari hayo kilifanywa na Waganda. Vipo vifaa vingi vilivyonunuliwa nje. Lakini mwenye kujua kuunganisha kimoja na kingine, na kujua kwa nini, huyo amekwisha kupata nusu ya safari.

KWA NINI TUJALI

Tazameni mto wetu wa Nile. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Likafuata la Bujagali mwaka 2012, la Isimba mwaka 2019, na lile kubwa la Karuma, lenye nguvu ya megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Daraja jipya la Jinja, lenye urefu wa meta 525 na lililoshikwa kwa nyaya za chuma, lilifunguliwa mwaka 2018. Kazi hizi kubwa zilishikwa na makampuni ya kigeni: Karuma na Isimba ya Wachina, daraja la Wajapani pamoja na Wakorea. Waganda walikuwamo, lakini mkataba haukuwa wao.

Sisemi hayo kwa kulaumu. Kazi kubwa yahitaji mtaji na mitambo mizito. Ninalosema ni kwamba aliyejenga huondoka, na kilichojengwa hubaki. Zege litapata ufa, mota itaungua, waya utakatika usiku wa mvua, na yule mjenzi atakuwa kwao. Tangu Aprili 2025 kazi ya kusambaza umeme nchini imerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, baada ya miaka 20 ya kushikwa na kampuni ya binafsi. Basi taa ya hospitali ikizimika, hatuna wa kumwonyesha kidole ila ndugu zetu wenyewe. Ndugu hao watatoka wapi, kama si katika madarasa kama haya yetu?

Nawaombeni basi ninyi wadogo, msichague uhandisi kwa sababu ya mshahara, wala msiukimbie kwa kuogopa mikono kupaka mafuta. Nendeni maabara, ulizeni kwa nini, na jengeni kitu chochote, hata kiti cha miguu mitatu kisichoyumba.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu ni wahandisi, makandarasi na mafundi wakuu. Nina ombi moja kwenu. Binamu yangu niliyemtaja aliandika barua tisa kuomba nafasi ya kujifunza kazi wakati wa likizo, na majibu aliyopata yalikuwa mawili. Mkipokea barua ya namna hiyo mezani, tafadhali isomeni hadi mwisho, na kama nafasi hakuna, jibuni hata kwa mstari mmoja. Tena mmoja wenu akija kututembelea Jumamosi moja na ramani ya kazi yake mkononi, atatufundisha katika saa mbili jambo ambalo mimi nimeshindwa kulimaliza katika kurasa hizi.